Kuwapeleka wazee Naivasha: hoteli za majumba ya zamani kando ya ziwa zina raha kweli ama ni bei tu?

Mtoto_wa_Tudor

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi wa Mombasa, mwezi wa nane babangu na mamangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa na sisi watoto tumechanga tuwatoe kidogo, na pwani hatutaki kwa sababu bahari wanaiona kila siku ya Mungu, mzee hata haigeuzii uso tena. Mamangu toka zamani anasema anatamani kukaa mahali pana ziwa na nyasi na baridi kidogo, akinywa chai yake bila mtu kumuuliza leo kunapikwa nini. Basi nimeangalia angalia mtandaoni nikaona kule Naivasha kuna hizi hoteli ambazo zamani zilikuwa nyumba za wazungu walowezi, nyumba ya mawe, veranda, bustani kubwa inashuka mpaka majini, vyumba ni vichache tu, na kuna zile nyingine kubwa za kisasa za makongamano, zina bwawa la kuogelea na watu mia tatu wamevaa fulana za kampuni.

Picha za hizo nyumba za zamani zimenivuta sana lakini bei nazo zinashtua, na ndugu yangu anasema tunalipia jina na fanicha za kizee, bora tuchukue ile kubwa ina kila kitu. Tuko watu wanne, wazee wawili, mimi na mke wangu, usiku mbili, malazi na chakula tusizidi laki moja. Mamangu goti linamsumbua, ngazi hapana. Mzee bado ana nguvu lakini ni mtu wa kuchoka na kelele. Na jambo la mwisho, mamangu kasikia kuwa viboko wanatoka majini usiku wanakuja mpaka mlangoni, sasa kila nikimtajia ziwa ananiuliza viboko. Waliokwenda nipeni ukweli tafadhali, sio matangazo.

Eburru_Juu

Karibu Rift Valley kaka. Mimi naishi upande huu, wageni wangu wote wa kutoka pwani na Nairobi lazima waniulize hii kitu kwa hivyo wacha nikupatie yote mara moja.

Kwanza elewa ziwa limekaa namna gani. Mji wa Naivasha uko upande mmoja, hoteli karibu zote ziko kwa barabara inaitwa Moi South Lake Road, inazunguka kusini mwa ziwa. Sehemu ya kwanza ukitoka mji ni Karagita, hapo kuna watu wengi, mashamba ya maua, boda, maduka, na hoteli kubwa nyingi ziko maeneo hayo. Ukisonga mbele kupita geti ya mbuga ya Hell's Gate kunaanza kutulia, unafika Elsamere, halafu Kamere, halafu Kongoni huko mbele. Majumba mengine ya zamani yako hata upande wa kaskazini na magharibi, huko barabara ni vumbi na mawe, kama mnaenda na gari ndogo uliza kabla hujalipa, sio baada.

Sasa kwa swali lako mwenyewe. Ukienda hoteli kubwa wikendi utapata muziki, timu bilding, watoto kwa bwawa, bafe na laini ya kuchukua mandazi. Sio mbaya, ukiwa na watoto wadogo mimi hata nakushauri hiyo. Lakini umesema mzee anachoka na kelele na mama anataka nyasi na chai. Hapo umejijibu. Nyumba ya zamani huwa na vyumba sita, nane, kumi, mnakula pamoja ama kwa veranda, na hakuna kitu cha kufanya. Na hiyo ya kutokuwa na kitu cha kufanya ndio unalipia. Kama wewe ni mtu wa kuuliza "sasa leo programu ni gani" utaboeka saa tano asubuhi.

Kitu wapwani hamjui ni baridi. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, ndilo la juu kuliko maziwa yote ya Rift Valley upande wa Kenya. Mchana jua kali kabisa, mtu anaungua, halafu saa moja usiku unaanza kutafuta kila nguo ulibeba. Agosti usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi 8 hivi. Kwa hivyo uliza kama chumba kina mahali pa moto na kama kuni zinalipiwa kando ama ziko ndani ya bei. Nyumba nyingi za zamani zina meko kwa sebule, sio kwa kila chumba. Kuna zingine wanawaweka ule mfuko wa raba wa maji moto ndani ya blanketi kabla mlale, mamako ataupenda huo kuliko ziwa lenyewe.

Barabara: mkitoka Nairobi ni kama kilomita 90. Kuna ya juu ya Limuru na kuna ya chini ya Mai Mahiu. Ya chini ina ile teremko la eskapmenti na malori mengi lakini pia ina lile kanisa dogo walijenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili, mwaka wa 1942, wazee hupenda kusimama hapo. Kama mnakuja na treni ya SGR kutoka Mombasa mshukie Nairobi mchukue gari. Usidanganywe eti unganisha treni mpaka Naivasha, ile reli ya pili inaishia Suswa, ziwa liko mbali na hapo.

Skonzi_na_Jamu

Mimi nimefanya kazi kwa hizi hoteli, nilianza kwa kutandika vitanda nikaishia mapokezi, sasa niko kazi ingine kwa hivyo naweza sema bila mtu kunikatia mshahara 😂

Kaka wa Tudor usibuku kwa kubonyeza picha. Piga simu. Hoteli za nyumba za zamani kila chumba ni tofauti na kingine, hii sio kama hoteli ya mjini ambapo 204 na 304 ni pacha. Kuna vyumba ndani ya nyumba kubwa yenyewe, hivyo ndio vina dari ndefu na sakafu ya mbao na beseni la kuogea lenye miguu, na kuna kotej zimejengwa juzi juzi kule bustanini. Zote zinaitwa jina moja kwa tangazo. Vingine ghorofani vina ngazi nyembamba za mbao, kwa goti la mama hapana. Wewe sema hivi: nataka chumba cha chini, bafu liwe shawa si beseni la kupanda, na kisiwe mbali na mahali pa kula. Hiyo ya mwisho watu husahau. Kotej nzuri yenye mandhari huwa ndio iko mwisho kabisa wa bustani, mama atatembea huo mwendo mara sita kwa siku kwenye nyasi zenye mashimo ya ngiri.

Kuhusu viboko mama hajadanganywa. Wanatoka kweli, wanakula nyasi usiku, na nyasi nzuri ni ya hoteli. Mchana wako majini. Hoteli zingine zina ua wa umeme kati ya bustani na ziwa, zingine zimeacha wazi kwa makusudi sababu wageni wanataka kuwaona. Utaratibu ni kuwa giza likiingia hutembei peke yako, unapiga simu ama unawasha tochi askari anakuja anakusindikiza mpaka mlangoni. Sio mapambo hiyo. Kiboko ukiwa kati yake na maji hakuulizi umetoka wapi, na 2018 kuna mtalii wa Taiwan aliuawa hapo Naivasha akiwa karibu mno na mmoja akipiga picha. Nimeona wageni wanampita askari eti chumba ni hapo tu, na wengi wao wametoka kunywa. Kwa hivyo uliza: kuna ua au hakuna? Kama mama anaogopa sana chagua penye ua, atawaangalia kwa dirisha na chai mkononi akiwa salama.

Bei nayo. Laki moja kwa wanne usiku mbili ni ngumu wikendi ya Agosti, shule zimefungwa, na watalii wa ng'ambo ndio wakati wao. Katikati ya wiki, Jumapili mpaka Alhamisi, inawezekana sehemu nyingi za katikati, zile za juu kabisa hapana hata ukilia. Omba bei ya wakaazi na mbebe vitambulisho, kuna mahali watawauliza. Uliza pia kama bei ni fulbodi (milo yote mitatu), hafbodi (miwili) ama chumba na kifungua kinywa tu, maana ukiwa huko ndani hakuna kibanda cha chapati nje ya geti. Kwa wazee wenu mimi ningechukua fulbodi nisahau habari ya pochi. Chai ya saa kumi huwa imo ndani, skonzi, keki, sandwichi ndogo ndogo. Msile mchana mkashiba.

Mdadisi_Mkaidi

Samahani kuwaharibia chai lakini mimi hii kitu hunishangaza. Tunalipa pesa nyingi kulala kwa nyumba ambayo babu zetu waliingia kwa mlango wa jikoni. Hiyo ardhi yote ya kando ya ziwa ilikuwa malisho ya Wamaasai, mkataba wa 1904 ukawatoa Bonde la Ufa ukawapeleka Laikipia, halafu 1911 wakatolewa hata huko Laikipia. Ndio walowezi wakaja wakajenga haya majumba mnayosifia veranda. Nenda uone lile kasri jeupe linaitwa Djinn Palace, yule mlowezi Lord Erroll alikaa hapo na mkewe wakifanya karamu za kulewa mpaka asubuhi, jamaa akaja kupigwa risasi 1941 kule karibu na Karen na mpaka leo hakuna aliyefungwa. Halafu sisi tunaenda kupiga picha na picha zao ukutani.

Mimi sikatazi mtu. Nasema tu hiyo "haiba ya zamani" ilikuwa ya nani?

Skonzi_na_Jamu

@Mdadisi_Mkaidi babu yangu alikuwa mpishi kwa moja ya hizo nyumba kwa hivyo unanihubiria kanisani kwangu. Na nakwambia hivi, siku mama yangu alikuja kunitembelea kazini nikamkalisha kwa ile veranda nikamuitishia chai na mzungu wa meza ya pili anasubiri yake, hakuna siku nimefurahia kazi kama hiyo. Wazee wa huyu kaka wakae mbele kabisa, kwa kiti kizuri, wahudumiwe. Wao ndio wenye haki zaidi.

Lakini uko sawa kwa kitu kimoja, hoteli nyingi zinasimulia hiyo historia kama vile walikuta pori tupu. Ukiuliza maswali mazuri wafanyakazi wazee wa hapo wanajua mengi kuliko kibao cha ukutani.

Mdadisi_Mkaidi

Hapo umenimaliza. Sawa, waende, lakini wakae mbele kweli.

Tengeru_Boy

Wakuu mbona mnang'ang'ania Naivasha tu, vukeni mpaka mje Arusha, Ziwa Duluti liko pale Tengeru, ziwa la kreta, msitu umelizunguka, limetulia kama kioo, mashamba ya kahawa pembeni na hoteli yake ipo, na mnauona Mlima Meru asubuhi. Viboko hamna, mama apumzike. Karibuni Bongo.

Mtoto_wa_Tudor

Shukrani Tengeru, mahali pazuri nimeona picha, ila kuwavusha wazee mpaka Namanga na foleni za stempu mzee atanuna njia nzima. Hiyo tunaiweka ya mimi na mke wangu peke yetu inshallah.

Wengine Mungu awabariki, mmenifungua macho. Sasa maswali yangu yaliyobaki. Chakula, sisi ni Waislamu, nyama lazima niwe na uhakika nayo, na pia sitaki mamangu akae meza moja na watu wanakunywa pombe. Pili, mkisema hakuna cha kufanya, mimi naelewa, lakini mzee akikaa siku nzima bila kuona kitu ataanza kuniuliza tumelipa ngapi. Kuna kitu ambacho mtu wa miaka 70 anaweza kuona bila kupanda mlima? Na tatu nasikia maji ya ziwa yamepanda yakala hoteli, ni kweli?

Eburru_Juu

Naanza na maji kwa sababu hiyo ni kweli na watu wanaificha kwa picha za zamani. Toka 2020 ziwa limepanda vibaya, watu wa Kihoto pale mjini wamehama nyumba zikiwa na maji mpaka dirishani, na hoteli nyingi zimepoteza kipande cha bustani, gati, hata kotej za mbele. Zile migunga ya manjano iliyokuwa nchi kavu utaona imesimama katikati ya maji imekufa, nyeupe, ndege wamejaa juu yake. Kwa macho ni kitu kizuri hata sitadanganya lakini ukiona picha ya bustani kubwa inateremka pole pole mpaka majini muulize mwenye hoteli hiyo picha ni ya mwaka gani. Waambie wakutumie ya leo kwa WhatsApp, anayekataa unajua kwa nini.

Hili ziwa lina tabia yake. Halina mto unaotoka, Malewa na Gilgil inaingia, maji yanapotelea chini kwa chini na ndio maana ni maji baridi yasiyo na chumvi, tofauti na Nakuru na Elementaita hapo jirani. Limewahi kupanda na kushuka sana miaka mingi iliyopita, waliojenga karibu walijua ama hawakutaka kujua.

Ya kuona kwa mzee. Mlima Longonot asahau, ni mita 2,776, vijana wenyewe hurudi wamekaukiwa. Hell's Gate anaweza kuingia na gari, mbuga ya 1984, haina simba wa kusumbua ndio maana watu huendesha baiskeli ndani, pundamilia na twiga wako tu kando ya barabara, anaona ule mwamba wa Fischer's Tower na ile mivuke ya Olkaria wanakotoa umeme toka 1981. Kule chini kwa korongo msimpeleke, mvua ikinyesha hata mbali maji huja ghafla, 2019 watu saba walikufa pale. Na malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, pesa taslimu hawachukui, fanya hiyo kabla mfike kwa geti ambapo netiweki inakuja na kuondoka.

Kwa mama, Crescent Island. Ni ukingo wa kreta iliyozama, mahali ni nyasi, mnatembea kwa miguu katikati ya twiga na kuro na hakuna mnyama wa kula mtu. Mwendo wa polepole, akichoka anakaa. Siku hizi wengi wanaenda kwa boti.

Na Elsamere, hata kama hamtalala hapo mnaweza kuingia kuona. Ilikuwa nyumba ya Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, walinunua na mumewe George 1967. Kuna makumbusho ndogo ya vitu vyake na michoro, na chai ya alasiri kwa nyasi, na mbega wale weusi na weupe juu ya miti, chunga keki yako. Wote wawili waliuawa, Joy 1980 kule Shaba na George 1989 kule Kora, mzee wako akipenda habari za zamani atakaa hapo masaa. Mwambie pia ndege za majini za Waingereza zilikuwa zinatua kwa hili ziwa toka 1937, abiria wanashuka kwa maji wanapelekwa Nairobi kwa barabara, mpaka 1950 ikaisha. Mimi hiyo huwa naifikiria kila nikiona yale maji, ndege kubwa vile inakuja kukaa katikati ya viboko.

Nahodha_Kamere

mimi ni wa boti, niwaambie yetu. njooni asubuhi, kabla ya saa nne, maji yametulia. mchana kuanzia saa nane upepo unakuja ziwa linakasirika na mtu wa goti kushuka kwa boti ikicheza ni shida. jaketi ya kuokolea LAZIMA kila mtu, hata ukijua kuogelea, mwenye boti akikuambia haina haja shuka tafuta mwingine.

bei inaelewanwa kwa boti nzima na masaa, sio kwa kichwa, mkiwa wanne ni nafuu kuliko wawili. mkipanda kupitia hoteli mtalipa zaidi kidogo lakini gati yao ina ngazi nzuri, kwa mama mimi mwenyewe ningesema lipa hiyo zaidi. kwa bichi ya umma Karagita ama Kamere unaingia kwa matope.

viboko tunawaona kwa umbali, hatuendi katikati yao. halafu kuna yule kwazi, tai wa kichwa cheupe, tunapiga mluzi tunarusha samaki ambaye tumemchomeka kipande cha funjo aelee, tai anashuka kutoka juu ya mti anachukua. andaa simu mapema maana ni sekunde moja na wageni wote hupiga picha ya maji tupu 😂 samaki huyo analipiwa kando, ulizeni msije mkasema mmeibiwa.

Skonzi_na_Jamu

Ya halali: hoteli nyingi nyama inatoka kwa machinjio ambako wanaochinja ni Waislamu, lakini usikubali "ndio ni halali" ya mtu wa simu ambaye anataka tu ubuku. Mwambie akuunganishe na shefu, muulize nyama wananunua wapi, kuku wanatoka wapi, na je nguruwe inapikwa kwa sufuria na kisu gani. Asubuhi bekoni huwa iko, ni chakula cha wazungu. Nyumba ndogo hapo ndio inakuwa bora kuliko hoteli kubwa, sababu shefu anapikia watu ishirini sio mia tatu, ukimwambia siku mbili mapema anawapikia chakula chenu kando bila kununa. Hoteli kubwa bafe ni bafe. Mkiwa na wasiwasi samaki na mboga zipo, tilapia ya hapo ni tamu.

Pombe, omba meza ya veranda ama mle mapema, saa moja jioni, kabla ya wenye mvinyo. Kwa nyumba zingine wanalisha wageni wote kwa meza moja ndefu kama familia, wengine hupenda sana hiyo, lakini kwa mama uliza kwanza, mnaweza kuwekewa yenu. Nafasi ya kuswali mtaswali chumbani bila shida, msikiti uko mjini kama mzee anataka Ijumaa, lakini kutoka kule mbele Kongoni ni mwendo.

Kitu kingine, tarehe. Agosti mko salama lakini wengine wanaosoma hapa, msije wiki ya Safari Rally, yale mashindano ya magari, bila kujua. Toka irudi kwa mashindano ya dunia 2021 ilikuwa Juni, 2024 wakaileta Machi, na wiki hiyo Naivasha yote inakuwa disko, chumba cha elfu tano kinaitwa elfu ishirini na maji ya moto hakuna.

Mtoto_wa_Tudor

Nimepiga simu leo, tatu. Ya kwanza alikuwa anajibu ndio kwa kila swali, kuna ua ndio, hakuna ua ndio, nikakata. Ya pili wazuri ila wana ghorofa tu zilizobaki. Ya tatu mama mmoja ameniuliza yeye mwenyewe kabla sijasema, mzee anatumia mkongojo? Analala mto mmoja au miwili? Akanitumia picha ya bustani ilivyo sasa, kweli nyasi imekatwa nusu na maji, na ua wa waya unaonekana. Jumatatu mpaka Jumatano, fulbodi, kwa bei ya wakaazi imepita laki kwa kidogo tu, ndugu yangu aliyekuwa anabisha ndiye ameongeza. Shefu nimeongea naye, kuku anatoka kwa Muislamu mjini, na amesema atamfanyia mamangu wali wa nazi siku moja nikimletea nazi. Nazi ntamletea gunia.

Diposti wanataka nusu kwa M-Pesa. Ni kawaida? Na bakshishi kule inaendaje, kwetu unampa mtu mkononi lakini sitaki kumuaibisha mtu wala kumsahau aliyefanya kazi.

Skonzi_na_Jamu

Nusu ni kawaida, lakini tuma kwa Paybill ama till yenye jina la hoteli, sio namba ya mtu, hata kama huyo mtu ndiye meneja. Na kabla ya kutuma akuandikie kwa WhatsApp ama imeili: tarehe, vyumba gani kwa jina lake, fulbodi, kuni zimo, na mkighairi wiki moja kabla mnarudishiwa ngapi. Wazee huugua, hiyo ya mwisho usiiache.

Bakshishi kuna sanduku mapokezi, linafunguliwa na wote wanagawana, mpaka wa jikoni na wa bustani ambao hamtawaona. Weka hapo mkiondoka. Askari wa usiku tu ndio mpe mkononi, maana zamu yake inaisha alfajiri na nyinyi mtatoka saa nne akiwa amelala.

Eburru_Juu

Na nazi usibebe gunia, mbili tatu zinatosha, soko la Naivasha ziko. Mkifika Mai Mahiu niandikie hapa nikwambie barabara iko vipi siku hiyo, malori ya Jumatatu asubuhi huwa mengi.